Mdomo Umefungwa, Maneno Bado Yanatoka: Sauti na Picha Kuachana Unapohamisha Mikanda ya VHS

Mkanda wa harusi wa E-180, yaani wa dakika 180, umecheza kuanzia mwanzo hadi mwisho, faili imepatikana kwenye kompyuta, na dakika za kwanza hazina kasoro. Ukifika kwenye nasaha za wazee, mzungumzaji amekwisha kaa kitini na sauti yake bado inausia. Wengi hapo husogeza sauti nusu sekunde, mwisho ukakaa sawa na mwanzo ukaharibika. Usiguse kitu kabla hujajua ugonjwa wako ni upi. Kuna pengo lisilobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, kuna linalokua kidogo kidogo, na kuna linaloruka ghafla. Yakitazamwa juu juu yanafanana, lakini dawa zake hazibadilishani.

Chanzo cha karibu matatizo yote haya ni kwamba picha huhesabiwa na sauti humiminika. Mkanda wa PAL, mfumo wa televisheni ambao ndio uliotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Oman, una fremu (picha tuli moja moja) 25 kwa sekunde, yaani kila fremu ni milisekunde 40. Faili ya AVI haiandiki kila fremu ilinaswa saa ngapi. Inajua tu kwamba fremu ya 1,500 ni ya dakika ya kwanza. Fremu 25 zikipotea njiani, picha inakuwa fupi kwa sekunde moja huku sauti ikibaki na urefu wake. Kwa hiyo shika hili: fremu zikipotea, sauti huchelewa. Ukiona sauti inatangulia, usipoteze muda kutafuta fremu zilizopotea, tatizo liko kwingine.

Kwanza, kosa limo ndani ya faili kweli?

Picha unayoiona kwenye programu wakati mkanda unacheza si ushahidi. Programu nyingi huchelewesha picha ya kuangalizia, au hupitisha sauti moja kwa moja kwenye spika huku picha ikisubiri zamu. Hukumu faili iliyokwisha rekodiwa, tena kwa spika au visikilizio vya waya. Spika za Bluetooth huchelewesha sauti, na watu wamewahi kurudia kunasa mikanda mizima kwa kosa lililokuwa kwenye spika.

Fungua faili kwa VLC. Kwenye Windows na Linux, K huchelewesha sauti na J huiwahisha, milisekunde 50 kila ubonyezapo. Hairekebishi faili, lakini inakupa kipimo cha haraka. Na usisake ukamilifu usiohitajika: kwa mujibu wa pendekezo BT.1359 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 au ikichelewa kwa 125. Jicho na sikio huvumilia sauti inayochelewa kuliko inayowahi, kwa kuwa hata radi tumezoea kuiona kabla ya kuisikia.

Pima sehemu tatu, si moja

Tafuta tukio lenye mlio mkali unaoonekana: viganja vinapokutana, kijiko kikigonga glasi, mlango ukifungwa. Tafuta moja karibu na mwanzo, moja katikati, moja karibu na mwisho. Fungua faili kwenye programu ya kuhariri video kama Shotcut au Kdenlive, washa mchoro wa mawimbi ya sauti, sogea fremu moja moja hadi pale mikono inapogusana, kisha hesabu fremu hadi kwenye kilele cha wimbi. Zidisha kwa 40.

Tuseme umepata hivi. Dakika ya 2, sauti imechelewa kwa fremu 2, yaani milisekunde 80. Dakika ya 55, imechelewa kwa fremu 24, yaani 960. Ongezeko ni 880 katika dakika 53. Kama pengo linakua kwa mwendo mmoja, basi katikati, dakika ya 28 na nusu, unapaswa kukuta 520, yaani fremu 13. Ukikuta 13 au jirani yake, ni tatizo la saa, na hesabu moja italimaliza. Ukikuta bado 2, au tayari 24, sauti iliruka mahali pamoja na hesabu hiyo haitakusaidia kitu.

Kile kipimo cha katikati ndicho watu hukiruka, na ndicho chenye jibu.

Pengo lisilobadilika

Hili ndilo jepesi. Kifaa cha kunasia, yaani kile kinachoingiza picha na sauti za deki kwenye kompyuta, kimechelewesha picha au sauti kwa muda fulani mwanzoni na hakikuongeza tena. Kwa faili iliyopo, tumia MKVToolNix: weka faili, chagua mstari wa sauti, na kwenye kisanduku cha Delay andika milisekunde. Namba chanya huchelewesha sauti, namba hasi huiwahisha. Picha haiguswi, na kazi inakwisha kwa dakika chache hata kwenye faili ya gigabaiti 30.

Kwa mikanda iliyobaki, rekebisha kwenye chanzo. Kwenye OBS, programu ya kurekodi video, fungua Advanced Audio Properties, andika namba yako kwenye Sync Offset, kisha nasa dakika mbili za majaribio. Kifaa kilekile na waya zilezile kwa kawaida hutoa pengo lilelile kila siku. Likibadilika kila unapoanza upya, zima ucheleweshaji wa ndani kwa kuweka Buffering iwe Disable katika mipangilio ya kifaa cha video, kisha pima tena.

Pengo linalokua kidogo kidogo

Deki ina saa yake ndani, kifaa cha kunasia kina yake, na ukipitishia sauti kwenye tundu la kompyuta badala ya kifaa kilekile cha picha, umeongeza ya tatu. Kila moja ni kipande cha kioo kinachotetemeka, na hakuna viwili vinavyotetemeka sawasawa kabisa. Deki inaposema sekunde moja imepita, upande wa sauti huenda umehesabu sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,013 badala ya 48,000. Tofauti hiyo haionekani kwa dakika tano. Kwa saa nzima inakaribia sekunde moja.

Dawa ya kwanza ni kupunguza saa: waya wa njano na zile za sauti, nyeupe na nyekundu, zote ziingie kwenye kifaa kimoja. Ya pili ni kuiambia programu isawazishe. VirtualDub, programu ya kunasa na kuhariri video, kwenye mipangilio ya Timing upande wa kunasa, inaweza kurekebisha sauti ifuate picha, au kuongeza na kuondoa fremu ili picha ifuate muda. Ukichagua njia ya fremu, utaona kihesabio kikisema fremu moja imeondolewa au kuongezwa kila baada ya dakika mbili au tatu. Usishtuke. Hiyo si hitilafu, ni programu inapatanisha saa mbili. Cha kuogopa ni fremu kumi kupotea kwa mkupuo.

Kwa faili iliyokwisha naswa, turudi kwenye mfano wetu. Pengo liliongezeka sekunde 0.88 katika sekunde 3,180, kwa hiyo sauti ni ndefu mara 1.000277. Zidisha 48,000 kwa namba hiyo upate 48,013. Ukirudi nyuma kutoka dakika ya 2 hadi sifuri, pengo la kuanzia ni milisekunde 47. Amri ya ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, ni hii:

ffmpeg -i harusi.mkv -c:v copy -af "atrim=start=0.047,asetpts=PTS-STARTPTS,asetrate=48013,aresample=48000" -c:a pcm_s16le harusi_sawa.mkv

Inakata zile milisekunde 47 za mbele, inaicheza sauti kwa kasi iliyozidi kidogo, kisha inairudisha kwenye 48,000. Sauti inapanda kwa chini ya sehemu tatu katika elfu kumi, na hakuna sikio litakalojua. Picha inanakiliwa kama ilivyo. Njia hii inashinda zile za kubana muda bila kubadili kimo cha sauti, ambazo huacha mikwaruzo midogo kwenye ngoma na makofi. Rudia vile vipimo vitatu kwenye faili mpya kabla hujafuta ya zamani.

Kuna wakati pengo linakua kwa kasi hadi hesabu ya saa haiwezi kulieleza. Hapo tazama ukubwa wake.

Kama saa moja ya picha ina dakika 65 na sekunde 18 za sauti, na watu wanaongea kwa sauti nzito kama wamelewa, sauti ilinaswa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ikaandikwa 44,100. Kinyume chake, dakika 55 na sauti nyembamba, ni kosa lilelile limegeuzwa. Fungua sauti kwenye Audacity, bofya menyu ya mstari wa sauti, chagua Rate, weka kiwango sahihi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, ya programu, na ya kifaa, kote uweke 48,000. Mara nyingi Windows ndiyo iliyobaki kwenye 44,100.

Kama pengo ni sekunde 3.6 kwa saa, karibu kila mara ni mkanda wa NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani. Ndugu waliokuwa Marekani au Canada walirekodi kwa fremu 29.97 kwa sekunde, na programu imeandika 30. Fremu zote zipo, kiwango tu ndicho kimekosewa. VirtualDub2, kwenye Video kisha Frame Rate, inakuruhusu kuandika 30000/1001 na kuhifadhi bila kuichakata picha upya. Mikanda hiyo ina mtego mwingine. Deki nyingi za PAL huicheza kwa kutoa PAL 60: rangi za PAL, lakini mistari 525 na fremu karibu 30. Televisheni inakubali, ila kifaa cha kunasia kilichowekwa kwenye PAL na fremu 25 kitatupa takriban fremu tano kila sekunde, au kitaonyesha picha inayozunguka kama pazia. Chagua PAL_60 kama kifaa kinayo, au geuza swichi ya deki itoe NTSC, na uweke 29.97. Mikanda ya SECAM, mfumo wa Ufaransa, ina shida zake za rangi, lakini ina fremu 25 kama PAL, kwa hiyo hapa haihusiki.

Na kama VLC inacheza sawa lakini programu ya kuhariri inaachanisha, faili yako ina kasi ya fremu inayobadilikabadilika. VLC hufuata muda ulioandikwa kwenye kila fremu, programu nyingi za kuhariri huhesabu tu. Ipitishe kwenye HandBrake, weka 25 na Constant Framerate, au tumia:

ffmpeg -i kanda.mkv -fps_mode cfr -r 25 -c:v ffv1 -c:a pcm_s16le kanda25.mkv

Pengo linaloruka

Hili ndilo linalokula usiku wa watu, na ndilo la kawaida zaidi kwa mikanda ya nyumbani, kwa kuwa mkanda wa nyumbani haukurekodiwa mara moja. Kipaimara kimeanza, kamera ikazimwa, mwezi umepita, watoto wanacheza uani, ikazimwa, kisha harusi. Kati ya tukio na tukio kuna sehemu tupu au maungio mabaya. Hapo mapigo ya kuongoza picha yanakatika. Kifaa cha kunasia kinapokosa mapigo hayo kinaacha kutoa fremu, huku upande wa sauti ukiendelea kurekodi mvumo. Sekunde mbili za chenga zikigeuka kuwa sifuri kwenye picha, kila kitu baada yake kina sauti iliyochelewa kwa sekunde mbili.

Kutafuta mahali pa mruko usitazame mkanda wote. Angalia dakika ya 30. Kama sauti ni sawa, mruko uko mbele, nenda ya 45. Kama imeharibika, rudi ya 15. Kwa hatua sita au saba utakuwa ndani ya dakika moja, na karibu kila mara utakuta maungio hapo. Kata kwenye maungio, sogeza sauti ya upande wa kulia mpaka ikae, kisha endelea na mruko unaofuata. Ikiwa miruko ni miwili au mitatu, fanya hivyo. Ikiwa ni kumi na tano, acha. Kunasa upya kutakuchukua muda mfupi kuliko kushona.

Unaponasa upya, njia isiyo na gharama ni kunasa kila tukio kwa faili yake: simamisha kwenye maungio, anza tena baada yake. Faili fupi pia hazipi saa nafasi ya kuachana sana. Njia bora zaidi ni kuweka kati ya deki na kifaa cha kunasia mashine inayotengeneza mapigo upya. Vifaa halisi vya kazi hiyo ni ghali, lakini baadhi ya rekoda za DVD hufanya kazi karibu sawa kwa kupitisha tu picha, bila hata kurekodi. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zinajulikana kwa hilo. Ukiikuta kwenye mitumba, hata kama sehemu ya diski imekufa, ichukue. Pitisha sauti pia humo humo, ili vyote vicheleweshwe pamoja.

Miruko isiyokaa kwenye maungio ina vyanzo vingine. Hedi chafu, yaani zile ncha za deki zinazosoma mkanda, ni kimojawapo. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, unyevu huotesha ukungu kwenye mikanda iliyolala kabatini. Tazama kidirisha cha kaseti: ukiona vumbi jeupe kwenye ukingo wa mzingo, usiuweke kwenye deki, maana utaichafua na deki itauambukiza mkanda unaofuata. Mkanda msafi lakini uliolala miaka upeleke mbele hadi mwisho na uurudishe, ndipo ucheze. Hedi zisafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kipande cha ngozi laini. Shikilia ngozi imetulia na zungusha ngoma, ile silinda inayobeba hedi, kwa mkono, usisugue juu na chini kamwe, wala usitumie pamba ya masikio, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye hedi na kuivunja.

Chanzo kingine ni kompyuta kuzidiwa. Picha ya PAL isiyobanwa, 720 kwa 576, ni megabaiti 20.7 kila sekunde, karibu gigabaiti 75 kwa saa. Kifaa cha USB 2.0 kinapitisha hizo zote. Ukichomeka na diski ya nje kwenye kigawanyio hichohicho, unazipitisha mara mbili kwenye njia isiyoweza kubeba zaidi ya megabaiti 35 hivi. Lazima fremu zipotee. Kifaa kiwe kwenye tundu lake upande mmoja wa laptopu, na urekodi kwenye diski ya ndani, ikiwezekana SSD. Zima antivirusi na masasisho, chomeka chaja, na weka hali ya umeme kwenye utendaji wa juu. Flashi usiitumie kabisa kwa kunasia. Ikiwa diski imefomatiwa FAT32, faili itagota gigabaiti 4, ambazo kwa video ya DV, aina iliyobanwa, ni kama dakika 18, na pale programu inapofungua faili mpya fremu huweza kupotea. Tumia NTFS au exFAT.

Ukitaka kujua kama mkosaji ni mkanda au kompyuta, kuna jaribio moja la uhakika. Chomeka kamera yoyote yenye waya wa AV kwenye kifaa, bila mkanda, ikiwa imewashwa tu. Piga makofi matatu mbele ya lenzi, iache saa nzima ikirekodiwa, piga tena matatu. Pengo la mwanzo na la mwisho likiwa sawa, kompyuta yako haina hatia, geukia deki na mkanda. Likitofautiana, usiuguse mkanda wa mtu kabla hujalimaliza.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili ya MP4 mara nyingi haifunguki tena. MKV hubaki na kila kilichoandikwa hadi sekunde ile. Rekodi kwa MKV.

Sauti mbili kwa pamoja

Ukisikia mwangwi mfupi, au maneno ya mtu juu ya muziki ambao haupaswi kuwapo, deki inachanganya mistari miwili ya sauti. VHS ya Hi-Fi ina sauti iliyozikwa chini ya picha, inayosomwa na hedi zinazozunguka, na nyingine ya kawaida kwenye ukingo wa mkanda. Wapiga video waliobandika muziki baadaye walifuta ile ya ukingoni peke yake, maana ile ya Hi-Fi haifutiki bila kufuta picha. Kwenye deki chagua Hi-Fi au Normal, usichague Mix. Inafaa kusikiliza zote mbili: chini ya muziki uliobandikwa huenda kukawa na shangwe na vigelegele halisi vya siku ile.

Kosa likiwa kwenye mkanda wenyewe

Baadhi ya watu, sauti ikichelewa, hufungua deki na kuzungusha skrubu za hedi ya sauti. Usifanye hivyo. Kwa mwendo wa kawaida mkanda wa PAL hupita milimita 23.39 kwa sekunde. Hedi hiyo ikihama milimita nzima, ambayo ni nyingi mno, sauti inahama milisekunde 43 tu. Hakuna pengo la nusu sekunde linalotoka hapo, ila utapoteza trakingi, yaani hedi kufuata sawasawa mistari ya picha kwenye mkanda, kwani hedi hiyohiyo ndiyo inayosoma mapigo ya kuongoza mkanda.

Lakini nakala ya nakala, au mkanda uliohaririwa kwa deki mbili, unaweza kuwa ulipishana tangu siku ulipotengenezwa. Ucheze kwenye televisheni ya zamani ya chogo, bila kompyuta. Ikiwa hapo pia midomo haiendani na maneno, rekebisha kipande kwa kipande au uache. Na mpiga video aliyesimama nyuma ya ukumbi, mita 34 kutoka kwenye spika, alipokea kila neno milisekunde 100 baada ya mdomo kulitamka. Ukiona pengo hilo kwenye picha za mbali na haliko kwenye picha za karibu, usiligeuze.